Siku Ramlo Alipofunga Chuo

Ukiwauliza watu wa Garissa ni nani aliyefunga chuo cha ufundi ile Jumatano ya mwaka wa tisini na nane, watakutajia Alio, tena kwa mapenzi, kama wanavyomtaja mchezaji aliyewafungia bao. Wanakosea. Mimi namjua aliyefunga chuo, na leo namtaja, maana uwongo ukiachwa mjini muda mrefu huota ndevu, watu wakaanza kuupisha njiani.

Ni Ramlo. Ramlo binti Yarrow, mwanamke mrefu wa miaka thelathini na moja, aliyeachika mara moja na asionyeshe masikitiko yanayotakiwa. Kabla ya chuo kazi yake ilikuwa taar, ile redio ya mawasiliano iliyokaa nyuma ya duka la ami yake Barre, antena yake imesimama juu ya bati. Simu za waya zilikuwa chache, na hizo chache mvua ikinyesha zilikufa. Kwa hiyo mwenye ndugu Elwak, au ngamia Griftu, au ugomvi Hulugho, alikuja kwa Barre, akaketi kwenye benchi, na Ramlo akamwitia. "Elwak, Elwak, hapa Garissa, unanipata?" Hivyo hivyo kutoka saa mbili asubuhi hadi koo limkauke.

Na kwa kuwa kila mwenye redio kama ile angeweza kutega sikio, siri ya taar ilikuwa siri ya watu mia tatu. Ramlo alijua talaka kabla ya wake wenyewe. Alijua ngamia gani ameuzwa huku akisemekana amepotea. Lakini kazi ile ina sheria yake: unasikia yote, hubebi kitu. Ukivuka mlango wa duka umeshasahau. Ramlo alikuwa mchokozi asiye na dawa, atakubandika jina la utani leo na litakufuata mpaka kaburini, ila sheria hiyo hakuivunja hata siku moja.

Kwenye taar pia huwezi kujifanya mtu mwingine, kwa sababu sauti yako inakuchongea. Jina lenyewe halina kazi kubwa. Elwak peke yake kulikuwa na akina Abdiwali zaidi ya ishirini na hakuna aliyehangaika. Ukisema unamtaka Abdiwali, unaulizwa, Abdiwali wa nani? Unataja baba, babu, baba wa babu, na ukifika wa nne amepatikana. Wakilingana hata hapo, basi kuna yule anayechechemea na yule mwenye meno.

Sasa ilikuwaje mtu wa redio akaenda darasani na umri wake ule? Siku moja baada ya yale mafuriko ya El Nino alipeleka ujumbe kwenye shirika moja la mifugo lililokuwa na ofisi karibu na mto. Akiwa amesimama pale mlangoni, akamwona karani anaandika kitu kwenye kompyuta, na chumba cha pili mwanamke akacheka, akaandika naye, na karani huku akacheka. Hakuna aliyefungua mdomo. Hakuna mtu wa tatu aliyesikia. Ramlo alisimama akasahau kilichomleta. Ndipo Bi Ilhan, mkuu wa shirika, akatoka na kumwona alivyoduwaa.

"Wanaongeaje?" Ramlo akauliza.

"Kuna waya," Ilhan akasema. "Na huo waya ukiharibika namsubiri fundi wa kutoka Nairobi wiki mbili. Pale chuo cha ufundi wameanzisha kozi ya mitandao ya kompyuta, ya mwaka mmoja. Mtu akiniletea cheti cha kozi hiyo na barua ya mkuu wa chuo, kazi ipo. Moja tu, lakini ipo."

Ramlo alirudi dukani akamwambia ami yake kwamba taar inakaribia kufa na yeye hataki kufa nayo. Barre alikuwa mzee wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa kama anayeuza mbuzi asiyetaka kumuuza.

"Nenda, adeer," akasema, kama ami wa kwetu anavyomwita mtoto wa nduguye. "Lakini kiti cha taar hakikai wazi. Ukitoka, mwanangu Mahat anaketi. Ukishindwa huko, Mahat hainuki. Utarudi Griftu kwa mama yako."

Griftu si pabaya. Nimefika, maziwa yake hayana mfano. Ila kwa Ramlo kurudi Griftu bila mume, bila kazi na bila cheti kulikuwa ni kukabidhiwa kwa shangazi saba, kila mmoja na birika lake la chai na nasaha zake, mpaka Mungu atakapomchukua. Yaani Ramlo alienda chuo akiwa amechoma kibanda nyuma yake. Ama cheti, ama shangazi.

Darasani walikuwa kumi na mmoja. Kompyuta zilikuwa sita, zimeungwa na waya mmoja mweusi uliopita nyuma ya zote, ukatoboa ukuta hadi ofisi ya karani na ofisi ya mkuu. Mwalimu alikuwa Mutisya, Mkamba wa Kitui, mwembamba, mvumilivu, ambaye alifundisha wiki nzima habari za namba za mashine na wanafunzi wakamwangalia tu. Kila mashine ina namba nne, akasema, na huyu na huyu hawawezi kuongea mpaka namba za mbele zilingane, la sivyo lazima apatikane wa kuwaunganisha katikati. Ubao ulijaa chaki. Hakuna kilichoingia.

Ramlo akainua mkono. "Mwalimu, namba ya kwanza ni ukoo. Ya pili ni mlango wa ukoo. Ya tatu ni babu. Ya mwisho ni mtu mwenyewe. Wa babu mmoja wanaongea nyumbani kwao. Wa mababu wawili wanatafuta mzee wa kuwapatanisha."

Darasa zima likasema aah kwa pamoja. Mutisya aliangalia ubao wake kwa huzuni, akaufuta, na toka siku hiyo alipotaka kueleza jambo alimwuliza Ramlo kwanza linaitwaje kwa lugha ya ngamia.

Basi, kwenye mashine zile kulikuwa na programu ndogo ya kutumiana ujumbe. Unaandika, unabonyeza, na kisanduku kinachomoza kwenye kioo cha mwenzako. Juu yake panaandikwa jina la mashine iliyotuma. Sauti hakuna. Jina tu. Ramlo alipoliona hilo hakumbandika mtu jina siku mbili, na wanaomjua wangeogopa. Kwa miaka tisa alikuwa amekaa mahali ambapo huwezi kuwa mtu mwingine. Sasa amewekwa mahali ambapo jina unaliandika mwenyewe.

Mashine ya nne aliitumia kwa zamu na Alio. Huyu Alio alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, mama yake yuko Hulugho lakini yeye amesomea Eastleigh na kurudi na Sheng yake yote. Asubuhi zamu ya Alio, mchana zamu ya Ramlo. Jumatano ile, saa tatu na nusu, Alio alitoka kwenda kunywa chai, na wengine wakatawanyika. Jumatano ni siku ya soko la mifugo, na toka dirishani Ramlo aliliona vumbi la mifugo likienda bila yeye. Akajisogeza kwenye mashine ya nne. Akaibadilisha jina ikaitwa MKUU. Akaizima, akaiwasha, ikakubali, kwa maana Mkuu Sugow alikuwa bado hajafika na mashine yake ilikuwa imelala. Kisha akaandika:

"Kwa amri kutoka juu, chuo kimefungwa leo kuanzia saa nne. Masomo yataendelea kesho."

Akabonyeza. Wallahi, kama ni dhambi, ilikuwa tamu.

Alitegemea nini? Alitegemea karani acheke, Mutisya aje amkaripie, yaishe. Alitaka tu kuona neno lisilo na sauti linafika wapi. Lakini karani aliposoma "amri kutoka juu" alisimama wima. Akaliandika tangazo kwenye karatasi, akalipiga muhuri, kisha akalipiga tena muhuri wa pili ili lisiwe na shaka, akalibandika langoni na kugonga kengele. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na siku ile hakuna aliyetaka kuvunjika chochote. Walimu walibeba mifuko. Waashi waliacha ukuta nusu. Dakika kumi baadaye chuo kilikuwa na mlinzi na kunguru, basi.

Mkuu Sugow mwenyewe alifika saa nne na robo. Akalikuta lango limefungwa na karatasi yenye mihuri miwili. Akasoma. Mtu mwingine angeuliza, amri ipi, kutoka juu wapi? Lakini miaka ile hakuna mkuu aliyetaka ijulikane kwamba juu kumezungumzwa na yeye hakuambiwa. Akamtazama mlinzi, akakohoa, akasema, "Ndiyo, najua." Akageuka, akaenda sokoni. Huko alikaa hadi adhuhuri akibishana bei ya mbuzi mwenye kichwa cheusi, na angeinua macho kidogo upande wa kulia angemwona Ramlo, amesimama nyuma ya kundi la ngamia, shela mdomoni, machozi ya kicheko yanamtoka. Hakuinua.

Usiniulize mimi niliyajuaje haya. Garissa ni mji mdogo na yule mbuzi alikuwa na kelele.

Alhamisi asubuhi mkuu aliwasha mashine yake, ikamgomea. Ikamwandikia kwamba jina MKUU tayari linatumika na mashine nyingine. Hapa ndipo Ramlo alipoteleza, na alivyoteleza ni sisi tu wa huku tungeteleza hivyo. Jina hakulirudisha. Alijua vizuri sana kwamba ameliacha, akaona halina shida. Wakuu wawili ni nini, ukiwa umeishi na akina Abdiwali ishirini? Aliamini mashine zitaulizana zenyewe, MKUU wa nani, moja iseme wa ofisini, nyingine iseme wa darasani, waamkiane, kazi iendelee. Hakujua kompyuta haina ukoo. Ikikuta wa jina lake mbele, inayokuja ya pili inafungiwa mlango.

Mutisya aliitwa. Akazima mashine za darasani moja moja, na alipozima ya nne, ya mkuu ikaingia. Basi mwizi amepatikana, au angalau nyumba aliyolala. Ujumbe ulitumwa asubuhi. Asubuhi ni zamu ya nani? Ya Alio.

Na Sugow alikuwa amewaka. Aliwaambia walimu kwamba Jumatano nzima alikuwa kwenye ofisi za wilaya akiifuatilia hiyo amri ya uongo, hakunywa hata maji. Akasema aliyefanya hivi hatafanya mtihani. Atatoka chuoni na barua yake mkononi.

Nikuambie jambo la aibu kuhusu Ramlo, kwa kuwa nimeahidi ukweli. Siku za kwanza hakusema kitu. Mtihani ulikuwa wiki tatu mbele yake na shangazi saba nyuma yake. Akajiambia kwamba Alio ni kijana, atapata chuo kingine, na isitoshe hawana ushahidi. Akajiambia mengi. Kilichomnyima usingizi kwanza, naona haya kusema, hakikuwa dhamira. Alio alikuwa anafurahia. Hakukubali wala hakukataa. Mkahawani alilipiwa chai na watu asiowajua, wasichana wa darasa la ushonaji walimpungia mkono, na alipoulizwa alifanyaje alisema, "Hiyo ni kitu ndogo kwangu, nilikata waya fulani." Alikata waya! Ramlo aliyekuwa meza ya pili alikaribia kupaliwa na chapati. Ukikata waya ule mashine zote zinakufa, hata mtoto wa muhula wa kwanza anajua. Kazi bora ya maisha yake ilikuwa inasimuliwa na mwingine, tena kimakosa.

Hiyo ilikuwa hasira. Dhamira ilimjia Jumatatu, kwa miguu.

Ramlo alimkuta mwanamke langoni, vumbi la lori hadi kwenye kope, kibuyu cha samli kwapani. Mwanamke akamwamkia na kumuuliza ofisi ya mkuu iko wapi.

"Mimi naitwa Faduma, nimetoka Hulugho," akasema. "Nimeambiwa mwanangu amefunga chuo. Binti yangu, mtoto yule hawezi kufunga hata kamba za viatu. Nimemletea mkuu samli. Unadhani atakubali?"

Ramlo alicheka kwanza. Alimtazama yule mama anavyokifuta kibuyu kwa ncha ya shela ili kionekane safi mbele ya mkuu, na akaona vibaya kabisa. Akajiona mdogo. Akamwambia, "Ngoja hapa, eeddo, shangazi yangu, usiingie kwanza," akakaza mwendo hadi dukani kwa ami yake. Kwetu mtu haingii kwenye kesi bila mzee, hata kesi ya kujisalimisha.

Barre alisikiliza habari yote akiwa amesimama, na nyuma yake Mahat anaita Elwak. Alichukua bakora yake tu.

Ofisini waliwakuta Sugow nyuma ya meza yake na kompyuta yake, Mutisya ukutani, Alio katikati, na mama yake, aliyechoka kungoja langoni, karibu na mlango. Barua ilikuwa imeshaandikwa, bado sahihi. Alio hakuwa na mzaha tena. Alikuwa analia kama mtu aliyesahau kwamba watu wanamwona.

"Mwalimu," Ramlo akamwambia Sugow, "huyo hakufanya kitu. Ni mimi."

Sugow alimtazama juu mpaka chini. "Wewe? Mtu mzima kama wewe? Ramlo, acha huruma. Jambo hili lilihitaji ujanja."

Wee. Angemwita mwizi asingeumia hivyo. Ramlo akamweleza hatua kwa hatua: alivyobadilisha jina, alivyoizima mashine na kuiwasha, alichoandika, saa ngapi, na kwa nini MKUU wa pili aliachwa pale. Alipofika kwenye habari ya akina Abdiwali, Mutisya aligeukia ukuta na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Basi ni wewe unayekwenda," Sugow akasema, akaivuta karatasi nyingine.

Barre akagonga sakafu kwa bakora mara moja. "Mkuu, jina lako limechukuliwa, na mchukuaji ameletwa na watu wake, amekiri bila kushikwa. Kabla ya karatasi kuna mazungumzo ya wazee. Watoto watoke."

Hilo Sugow hakuweza kulikataa, alikuwa mtu wa hapa. Ramlo na Alio wakatolewa nje. Alio akaenda kukaa kivulini na mama yake. Ramlo akaingia darasani, hapakuwa na mtu, akaketi mbele ya mashine ya nne. Mutisya alikuwa ameshairudishia jina lake la darasani. Ramlo akaiita RAMLO. Akaizima, akaiwasha. Akaandika, safari hii kwenda mashine moja tu, ile iliyokuwa inawaka kwenye meza ya mkuu:

"Mwalimu, Jumatano nilikuwa soko la mifugo. Nilichokiona hakijatoka mdomoni mwangu na hakitatoka, hata ukinifukuza. Mimi, Ramlo Yarrow."

Ilikuwa ni ahadi au kitisho? Nimewahi kumwuliza, akanikazia macho akaniuliza mimi nina watoto wangapi. Ninachojua ni kwamba kwa mtu wa taar sentensi ile ilikuwa kweli tupu kila neno.

Kule ofisini kisanduku kilichomoza. Sugow akakisoma. Akakisoma tena. Akakiondoa haraka, akakohoa kile kikohozi chake.

"Kombyuta imesema nini?" Barre akauliza.

"Imesema saa," Sugow akajibu.

Baada ya muda aliomba wazee wampishe kidogo, akamwita Ramlo peke yake. Alimwacha amesimama.

"Ujumbe ule nani mwingine ameusoma?"

"Ni wewe tu, Mwalimu. Hii si taar."

"Na nikikufukuza leo?"

"Nitakuwa Griftu. Nitakuwa nimenyamaza."

Sugow akaigeuza kalamu mkononi. Alikuwa amejiandaa kwa tusi, kwa machozi, hata kwa kuombwa na wazee. Kwa hili hakujiandaa. "Ungenitisha ningejua la kufanya," akasema kwa sauti ya chini, na mimi naamini hilo ndilo neno la kweli kuliko yote aliyowahi kusema katika ofisi ile.

Akawaita wote ndani, akatoa uamuzi. Alio arudi darasani, na aache kusema alikata waya. Ramlo atafanya mtihani. Samli ya mama Faduma ameipokea, ahsante. "Lakini ile barua ya kukupendekeza kwa shirika," akamwambia Ramlo mbele ya wote, "sitaiandika. Jina langu umekwisha kulitumia mara moja."

Barre aliinamisha kichwa, kwa maana hukumu ilikuwa ya haki na hakuna pa kuishika. Ramlo akapiga hesabu. Kazi ilikuwa moja, ilitaka cheti na barua. Alikuwa amepewa ufunguo na kunyimwa mlango.

Mtihani aliufanya. Mtahini aliyetoka Nairobi aliharibu mtandao kwa siri, akampa kila mtu nusu saa kuutafuta ubaya. Ramlo aliita mashine moja baada ya moja alivyokuwa akiita Elwak na Griftu, mpaka akajua kimya kinaanzia wapi, na kwa dakika kumi na moja akawa amekipata kizibo kilichong'olewa mwisho wa waya. Alifaulu. Alio pia alifaulu, kwa dakika ishirini na nane na jasho jingi, na akapewa barua ya kupendekezwa.

Ramlo alikaa na cheti wiki nzima. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa likizo, safari hii kweli, ila Mutisya alikuwa amemwachia ufunguo wa darasa ili asafishe mashine. Kila siku alifungua, akafuta vumbi, akaketi mbele ya mashine ya nne na printa iliyokuwa na karatasi zenye kichwa cha chuo. Jumamosi mama yake alituma neno kwa taar. Mahat akamletea: shangazi zake wanauliza anakuja lini. Jumatatu Ramlo alivaa shela lake jipya akaenda kwa Bi Ilhan.

Ilhan alikiangalia cheti mbele na nyuma. "Na barua?"

"Sina."

"Mkuu hajakuandikia?"

"Amekataa."

"Kwa nini amekataa?"

"Nilituma amri kwa jina lake bila ruhusa yake. Chuo kikafungwa siku nzima."

Ilhan akakiweka cheti mezani. "Mjini wanasema ni Alio."

"Mjini wanasema mengi."

"Alio alikuja Ijumaa," Ilhan akasema, akafungua droo, akatoa barua. "Ameleta hii. Mkuu amemsifu mpaka mwisho wa ukurasa."

"Anastahili. Ana moyo mzuri."

Ilhan aliisoma ile barua tena, polepole, kana kwamba anatafuta kitu kilichoanguka ndani yake. Kisha akamtazama Ramlo. "Wewe uliweza kufunga chuo kizima kwa mstari mmoja. Umekaa wiki nzima na cheti chako, mashine za chuo zipo, karatasi zipo, na barua ya mistari sita hukujiandikia?"

"Ningeiandika vizuri kuliko hiyo."

"Sina shaka. Kwa hiyo nakuuliza, mbona hukuiandika?"

Shangazi wote saba wa Griftu walikuwa kama wamesimama nyuma ya Ramlo wakisubiri jibu.

"Kwa sababu ungeisoma ukampa kazi mkuu," akasema, "na yeye ana kazi tayari."

Ilhan hakucheka. Akainuka, akachukua ufunguo uliokuwa umening'inia kwenye msumari, akamkabidhi Ramlo, akamwambia kwamba waya wa chumba cha hesabu umekufa toka Alhamisi.